Mwaka Mpya wa Kimya, Mwaka Mpya wa Fataki

Aliyezoea Nyali, Mombasa, ambako hata usiku hukosi bodaboda ya kukuvusha daraja hadi kisiwani, angepata taabu Bali, Indonesia, siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa huko. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kama hiyo kesho yake, uwanja wa ndege wa Ngurah Rai hufungwa, barabara huwa tupu, na pecalang, walinzi wa mila, huzunguka mitaani kuwarudisha ndani waliotoka. Miiko ni minne: kuwasha moto au taa, kufanya kazi, kusafiri na kujiburudisha. Mgeni haonewi muhali. Atashinda hotelini, mapazia yameshushwa. Tangu 2018 hata intaneti ya simu huzimwa.

Wahindu wa Mombasa, wengi wao wenye asili ya Gujarat, huupokea mwaka kinyume kabisa. Wao huuanza siku inayofuata Diwali, Oktoba au Novemba, kwa taa vizingitini, fataki, vitamutamu na jamaa kutembeleana. Kalenda pia ni mbili: Wagujarati hufuata Vikram, inayohesabiwa tangu 57 K.K., na Wabali hufuata Saka, ya tangu 78 B.K.

Tusidhani lakini kwamba Bali haijui kelele. Mkesha wa Nyepi vijana hubeba ogoh-ogoh, masanamu makubwa ya kutisha, kwa ngoma na vifijo, ili kuwatimua pepo wabaya. Kimya huja baadaye: pepo wakirudi wakute kisiwa kama hakina mtu, wapite zao. Mswahili hapa hatakuwa mgeni sana. Siku ya Mwaka, kwa mila za pwani yetu, ng'ombe alizungushwa mji kisha akachinjwa, mji upate kinga. Sisi tuliuzunguka mji wazi wazi; Wabali huwafukuza pepo, halafu hujificha.

Nyali imewahi kunyamaza, ila si kwa ibada. Nyepi ya 2020 ilikuwa 25 Machi; siku mbili baadaye Kenya ikaanza kafyu ya korona, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa macho, barabara zilifanana. Lakini pecalang hulinda mtaa wake mwenyewe, kwa mila aliyokulia. Huku kwetu, jioni ya kwanza ya kafyu, abiria waliokuwa wakingoja feri Likoni walirushiwa vitoa machozi na polisi.

Mwaka 2024 Nyepi iliangukia 11 Machi, na usiku wake ndio uliokuwa wa tarawehe ya kwanza nchini Indonesia. Waislamu wa Bali waliruhusiwa kwenda kuswali, kwa miguu, msikiti wa karibu, bila vipaza sauti. Sijui Waislamu wa Kongowea, hapa Nyali, wangelipokeaje sharti la namna hiyo. Huku mambo hayapangwi hivyo: Diwali ya 12 Novemba 2004 ilikuta Ramadhani inaelekea ukingoni, na kila mtu akashika lake, huyu akifuturu, yule akiwasha taa zake, na matatu za Nyali zikiita abiria wa kwenda mjini.