Kasi si Kila Kitu

Mtu akinunua kompyuta huuliza kasi kwanza. Historia ya chombo cha anga cha Galileo inatufundisha kuuliza jambo jingine: itakula umeme kiasi gani?

Mwaka 1976 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa chipu iliyoitwa 1802, ambayo msingi wake ulibuniwa na Joseph Weisbecker. Haikuwa na mbio. Sifa yake ilikuwa kula umeme kidogo mno. Hata mapigo ya saa yake yakisimamishwa, haikusahau ilipofikia. Aidha, ilitengenezwa aina yake inayostahimili mionzi.

Galileo ilirushwa mwaka 1989, wakati chipu zenye kasi zaidi zimekwisha jaa madukani. Lakini kompyuta yake ya kupokea amri ilitumia 1802. Huko mbali na jua, chombo kizima kiliendeshwa kwa wati zisizofika 600, na hakuna fundi wa kukifuata. Kilifika Mshtarii Desemba 1995, kikatumika hadi Septemba 2003.

Nasema basi, anayechagua chipu ya mita ya maji ya kijijini aanze na betri, ndipo aulize kasi. Wahenga walinena: jikune mkono unapofikia.