Mtu 1 kati ya 200 au 1 kati ya 4,300? Namna wagonjwa wa mitokondria wanavyohesabiwa

Ukitafuta magonjwa ya mitokondria yameenea kiasi gani, utakutana na namba mbili zisizofanana hata kidogo: mtu 1 kati ya 200, na mtu 1 kati ya 4,300. Zote zinatoka kaskazini mwa England na hakuna iliyokosewa. Tofauti ni nani aliyehesabiwa.

Mitokondria ni sehemu ndogo ndani ya seli zinazogeuza chakula kuwa nguvu ya mwili. Zina DNA ya kwao, na mtoto huirithi kwa mama tu. Ikiwa na kasoro, huumia zaidi viungo vinavyotumia nguvu nyingi: ubongo, moyo, misuli, macho na masikio. (Magonjwa mengine ya kundi hili hutokana na jeni za kawaida, zile za baba na mama.)

Kuanza na mgonjwa

Madaktari wa Newcastle huhesabu kuanzia kliniki. Akipatikana mgonjwa mmoja, wanafuatilia ukoo wa upande wa mama: mama mwenyewe, ndugu zake, mama wakubwa na wadogo, na watoto wao.

Ripoti yao ya 2015 ilihusu watu wazima wa Kaskazini Mashariki mwa England. Kwa kila watu 100,000, 9.6 walikuwa wanaumwa kwa sababu ya DNA ya mitokondria, 2.9 kwa sababu ya jeni za kawaida, na 10.8 hawakuwa wagonjwa ila wako kwenye hatari ya kuugua. Jumlisha, utapata ile 1 kati ya 4,300. Kumbe hata humo karibu nusu sio wagonjwa! Wanaoinukuu namba hii mara nyingi hilo hawalisemi.

Tena hicho ni kiwango cha chini. Asiyewahi kufika kliniki, wala ndugu yake kufika, hayumo.

Kuanza na mtoto mchanga

Ile 1 kati ya 200 ilipatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu ya kitovu ya watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa North Cumbria. Zilitafutwa kasoro 10 tu zinazojulikana, na hakuna mtoto aliyechaguliwa kwa sababu anaumwa.

Wengi wa waliokutwa nazo huenda wasiugue kabisa. Seli moja ina mamia au maelfu ya nakala za DNA hii, na ugonjwa hujitokeza pale nakala mbovu zinapozidi kiasi fulani. Zikiwa chache, nzima zinabeba kazi.

Kasoro moja, nchi mbili

Chukua kasoro iitwayo m.3243A>G. Kaskazini mwa Finland, mwaka 1998, ilitafutwa kwa watu wenye dalili zinazoendana nayo, kama kisukari, uziwi na kifafa. Makadirio: angalau watu wazima 16 kwa kila 100,000. Australia, mwaka 2007, walipimwa wakazi 2,954 wa eneo la Blue Mountains, mgonjwa na mzima. Ikapatikana kwa mtu 1 kati ya 424, yaani karibu mara 15 zaidi.

Kipimo nacho kina mchango. Kwenye damu, kasoro hii hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo mzee anaweza kuonekana hana wakati anayo. Mkojo huionyesha vizuri zaidi.

Katikati ya hesabu hizo mbili wapo watu wanaotibiwa sukari ya kawaida tu. Ikiwa mwenye sukari ana uziwi pia, na mama au ndugu zake wako hivyo hivyo, daktari anahitaji kuambiwa. Sababu mojawapo ni metformin, dawa ya sukari ambayo kwa wenye kasoro hii huwa inaepukwa. (Usiache dawa bila kuongea naye.)

Bungeni

Mapema 2015 Bunge la Uingereza lilikuwa linajadili kama mama mwenye kasoro aruhusiwe kupata mtoto kwa kutumia mitokondria nzima za mwanamke mwingine. Swali likawa, ni wangapi wanaohitaji? Watafiti walikadiria wanawake 2,473 nchini humo, wanaozaa wastani wa watoto 152 kwa mwaka.

Ruhusa ilipita. Julai 2025, Newcastle ilitangaza watoto 8 waliozaliwa kwa njia hiyo.