Kufungiwa nyumbani na theluji: Yaliyoipata Buffalo na namna ya kunusurika

KWA mkazi wa nchi za joto, theluji ni pambo la kadi za Krismasi. Kwa mamilioni ya watu wa kaskazini mwa Marekani, Kanada, Ulaya na Japani, theluji ni kitu kinachoweza kuziba mlango wa nyumba kwa usiku mmoja na kuwaacha waliomo ndani bila umeme, bila barabara na bila wa kuwafikia kwa siku kadhaa.

Hayo ndiyo yaliyoupata mji wa Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York, Desemba 2022. Zaidi ya watu 40 walifariki dunia katika mji huo na vitongoji vyake, kutokana na dhoruba iliyoanza siku mbili kabla ya Krismasi. Hawakuwa wapanda milima. Walikuwa watu wa mjini, na baadhi yao mauti yaliwakuta ndani ya nyumba zao wenyewe.

Ziwa linalozaa theluji

Buffalo umejengwa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mwanzoni mwa majira ya baridi, maji ya ziwa hilo huwa bado na joto kuliko hewa inayovuma juu yake. Hewa hiyo ya baridi hubeba mvuke na joto kutoka majini, hupanda juu, kisha huumwaga mzigo wake nchi kavu kwa sura ya theluji. Upepo wa kusini-magharibi unapovuma kwa kufuata urefu wa ziwa, mji hupokea theluji nyingi kwa muda mfupi.

Ziwa likishaganda, mvuke hupungua, lakini hatari haiishi. Januari 1977, Ziwa Erie lilikuwa limeganda tangu Desemba, na theluji ilikuwa imelala juu ya barafu. Upepo mkali uliizoa theluji hiyo na kuipeleka mjini. Watu 29 walifariki, baadhi yao wakiwa wamefukiwa ndani ya magari yao.

Kwa mujibu wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, dhoruba kamili ya theluji ni ile ambayo upepo hufikia kasi ya kilomita 56 kwa saa au zaidi, na mtu hawezi kuona mbele zaidi ya mita 400, kwa muda usiopungua saa tatu. Mwaka 2022, hali hiyo ilidumu Buffalo kwa saa 37 mfululizo. Uwanja wa ndege wa mji ulipokea zaidi ya sentimita 130 za theluji katika siku chache.

Amri iliyotolewa asubuhi

Utabiri ulikuwa umetolewa siku kadhaa kabla. Hata hivyo, amri ya kupiga marufuku magari barabarani ilianza kutumika saa 3:30 asubuhi ya Ijumaa, Desemba 23, wakati wafanyakazi wengi walikuwa wameshatoka majumbani. Muda mfupi baadaye barabara hazikuonekana tena. Magari ya wagonjwa, ya zimamoto na hata yale ya kuondoa theluji yalikwama.

Wengine walikutwa wamekufa nje, wengine ndani ya magari, na wengine majumbani ambako joto lilikuwa limekatika. Wapo waliopatwa na maradhi ya ghafla na msaada ukachelewa, na wapo ambao moyo ulisimama walipokuwa wakifukua theluji.

Msiba huo haukugawanyika sawasawa. Wengi wa waliofariki ndani ya mji walikuwa Wamarekani Weusi. Upande wa mashariki wa Buffalo, wanakoishi wengi wao, maduka makubwa ya vyakula ni machache, na familia zenye kipato kidogo hazina uwezo wa kuweka akiba ya wiki nzima. Mtu asiye na chakula wala dawa ndani analazimika kutoka hata anapoambiwa abaki.

Mitaa ya magharibi ya mji huo ina wakazi waliofika wakiwa wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika huko. Kwa mgeni ambaye hajawahi kuiona theluji, onyo la Kiingereza kwenye simu halitoshi kumweleza ukubwa wa jambo linalokuja.

Hatari zilizomo ndani

Jambo la kwanza ni joto. Mitambo mingi ya kupasha nyumba joto hutumia gesi, lakini huhitaji umeme ili ifanye kazi. Umeme ukikatika, nyumba hupoa. Wataalamu hushauri familia nzima ikae katika chumba kimoja, milango ya vyumba vingine ifungwe, madirisha yazibwe kwa mablanketi, na nguo zivaliwe moja juu ya nyingine. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito na akili huchanganyikiwa. Kutetemeka kukikoma ilhali bado yuko katika baridi, hali imekuwa mbaya zaidi.

La pili ni hewa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hutoka popote panapoungua mkaa, gesi au petroli. Jenereta haipaswi kuwashwa ndani wala kibarazani, bali nje, umbali usiopungua mita sita kutoka kwenye nyumba. Bomba la kutolea moshi wa mtambo wa joto nalo huweza kuzibwa na theluji, hivyo ni lazima lifukuliwe.

Wakazi wa nyanda za baridi za Kenya na Tanzania wanaifahamu hatari hiyo, kwani vifo vya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani vimeripotiwa mara nyingi. Desemba 2006, dhoruba ya upepo ilipokata umeme eneo la Seattle, jimbo la Washington, watu kadhaa walikufa kwa hewa hiyo, wakiwamo wahamiaji waliowasha mkaa ndani ili wapate joto.

La tatu ni beleshi. Theluji iliyoloa ni nzito, na baridi hubana mishipa ya damu huku kazi ikiongeza mapigo ya moyo. Wazee na wagonjwa wa moyo hushauriwa kuiacha kazi hiyo kwa wengine. Mwenye afya aisukume theluji badala ya kuinyanyua, na apumzike mara kwa mara.

Maandalizi

Akiba ya maji, chakula kisichohitaji kupikwa na dawa iwe ya siku tatu angalau. Tochi ni salama kuliko mishumaa. Bomba la maji liachwe likidondoka kidogo ili lisigande na kupasuka. Jirani mzee au anayeishi peke yake aulizwe hali yake kabla dhoruba haijaanza, kwa sababu ikishaanza hata hatua 20 zinatosha kumpoteza mtu.

Aliyekwama ndani ya gari asiliache kwenda kutafuta msaada. Awashe injini kwa dakika 10 kila saa, baada ya kuhakikisha kuwa bomba la moshi halijazibwa, na aache dirisha wazi kidogo.

Serikali nayo ina sehemu yake. Dhoruba nyingine ilipoikaribia Buffalo Januari 2024, magari yalipigwa marufuku tangu usiku wa Jumamosi, Januari 13. Mchezo wa mtoano wa timu ya Buffalo Bills, uliopangwa kufanyika Jumapili, ulisogezwa hadi Jumatatu. Safari hiyo, amri iliwakuta watu wakiwa bado majumbani.