Kichanganya Sauti: Jina na Kazi Zake

Chombo kinachokusanya sauti za vipaza sauti, vinanda na magitaa mahali pamoja huitwa na mafundi wengi miksa, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na ambalo hutumika pia kwa mashine ya kuchanganyia zege. Kiswahili kina njia mbili za kukiundia jina lake chenyewe. Ya kwanza ni kunyambua kitenzi changanya kuwa changanyia na kupata kichanganyio, kwa kanuni ileile iliyozaa kichujio na kikaangio. Ya pili ni kuambatanisha kitenzi na nomino, kama ilivyofanyika katika kipaza sauti na kinasa sauti, na kupata kichanganya sauti. Umbo la pili linafaa zaidi, kwa kuwa linakiweka chombo katika ukoo wa vifaa vinavyounganishwa nacho, ilhali kichanganyio, likisimama peke yake, huelekeza fikra jikoni.

Hata hivyo, jina hilo hutaja kazi moja tu kati ya tatu, na anayenunua chombo kwa ajili ya studio ya nyumbani hupotezwa mara nyingi na zile mbili zisizotajwa.

Kazi ya kwanza ni kukuza. Kipaza sauti, licha ya jina lake, hakipazi chochote: hugeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme hafifu, mara nyingi wa milivolti chache tu, ambao hauna budi kukuzwa na saketi iitwayo priampu iliyomo ndani ya kichanganya sauti. Kinanda cha umeme hakihitaji msaada huo, kwa sababu hutoa umeme wa kiwango cha laini, ambacho kwa vifaa vya nyumbani ni takriban volti 0.3 na kwa vifaa vya kitaalamu takriban volti 1.23. Gitaa la umeme nalo hudai tundu lenye ukinzani mkubwa, yapata megaomu 1, vinginevyo mlio wake hufifia na kukosa ung'avu, na kipaza sauti cha kondensa hudai volti 48 zinazopitia katika waya uleule unaobeba sauti. Ndiyo maana chombo kilichoandikwa chaneli 12 kwenye boksi chaweza kuwa na priampu 4 tu, huku chaneli 8 zilizobaki zikiwa jozi 4 za stirio zinazofaa vinanda. Mwenye waimbaji sita atakuwa amenunua hesabu isiyo yake.

Kazi ya pili ndiyo iliyobeba jina, nayo kwa hakika ni kujumlisha: umeme wa kila chaneli, ukishapunguzwa au kuongezwa kwa feda, yaani kitelezi cha kurekebishia kiwango, huunganishwa na wa chaneli nyingine kuwa mkondo mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Kilichokwisha kujumlishwa hakirudi kuwa safi kama kilivyoingia, sawa na maziwa yaliyotiwa maji.

Hapo ndipo kazi ya tatu, kuelekeza, yaani kuamua kila sauti iende wapi, inapoipita ya pili kwa uzito. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio, iliyounganisha kichanganya sauti na kinasa kaseti cha traki nne, na faida yake kubwa kwa mwanamuziki wa nyumbani ilikuwa kwamba traki hizo zilibaki mbalimbali hadi siku ya kuzichanganya. Vichanganya sauti vingi vya bei nafuu vyenye waya wa USB havifanyi hivyo, bali hupeleka kwenye kompyuta traki 2 zilizokwisha kujumlishwa, kiasi kwamba sauti ya mwimbaji ikizidi ya ngoma hakuna namna nzuri ya kuirekebisha baadaye.

Anayerekodi sauti moja baada ya nyingine hahitaji chombo hiki kabisa. Kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili inamtosha. Kinamfaa mwenye vinanda na mashine za ngoma kadhaa anazotaka zibaki zimechomekwa daima, na huyo na aulize, kabla ya bei, ni traki ngapi zinazofika kwenye kompyuta zikiwa zimetengana. Jibu likiwa 2, na kusudi lake ni kurekodi wapigaji wanne kwa pamoja, chombo hicho hakimfai.