Kutoka Merikani hata Shati la Kola ya Vifungo

Watu wa Mrima hawakuanza jana kuvaa nguo za Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaja Unguja kuwa konsuli wao wa kwanza. Merikebu za Salem zilileta nguo nene ya pamba, isiyotiwa rangi wala kupaushwa, zikarudi na pembe na sandarusi. Watu wakaiita nguo hiyo kwa jina la ilikotoka: merikani.

Kutoka Unguja ilivushwa kwa majahazi hata Bagamoyo, na hapo ikageuka kuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono: mikono minne shuka, minane doti. Mpagazi alipewa posho kwa nguo hiyo, na mtemi wa bara alipewa hongo kwa nguo hiyo hiyo. Furushi lake, lililoshindiliwa na kufungwa kwa kamba tayari kwa safari, liliitwa mtumba. Zamani hizo neno hilo lilikuwa na heshima, maana ndani ya mtumba mlikuwa na nguo mpya.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa bara walipokea lolote waliloletewa. Msafara uliochukua nguo au ushanga usiopendwa uendako uliweza kukwama njiani, na mfanyabiashara wa Salem hakuwa na budi kufuata macho ya mnunuzi wa Unyamwezi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, vilipoifanya pamba kuwa adimu, nguo za Uingereza na za Bombay zilichukua nafasi. Walakini jina la merikani lilibaki, hata kwa nguo isiyopata kuiona Marekani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo kabla ya kwenda kufundisha Berlin, ameeleza katika Desturi za Wasuaheli, iliyochapwa 1903, kwamba mtumwa wa zamani hakuvaa kofia wala viatu, wala kanzu ya kufika miguuni. Basi aliyetoka utumwani akajipatia kanzu alikuwa akidai uungwana. Anayewacheka watu wanaohangaikia mavazi hajaifahamu Pwani.

Neno mtumba limeshuka cheo. Biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani zilimiminika nchini. Kwa kebehi zikaitwa kafa Ulaya, kana kwamba kila moja imeachwa na maiti. Viwanda vya nchini, kama Urafiki kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, vilipata mshindani asiyenunua pamba wala kulipa mshonaji. Hasara hiyo si ndogo. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo hizo hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru, Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo.

Ndani ya marobota hayo hutokea shati la namna ya pekee: pamba nzito iitwayo oksfodi, kola laini iliyoshikwa na vifungo viwili, na pengine kitanzi kidogo mgongoni. Ni vazi lililosifika katika miaka ya 1950 na 1960 miongoni mwa wanafunzi wa Yale, Princeton na Harvard. Na Harvard imo katika Massachusetts ile ile ya merikani. Wajapani walilienzi mapema, wakatoa kitabu cha picha, Take Ivy, mwaka 1965. Mkusanyaji wake, awe Tokyo au katika soko la Karume pale Ilala, hutazama kola, kisha lebo, kisha mshono. Na pamba iliyolainika kwa kufuliwa miaka mingi huiona bora kuliko mpya.

Jicho hilo si dhaifu kuliko la mnunuzi wa Unyamwezi. Ila yule wa kale, akikataa nguo, habari zilifika Salem; huyu wa leo akikataa, shati hurudishwa katika fungu, asubiri robota jingine. Akilipata alitakalo na kifungo kimoja cha kola kimepotea, hulipeleka kwa fundi cherehani atafutiwe kinachofanana nacho.