Koloni, himaya au udhamini? Maneno ya Kiingereza yaliyoamua haki za watu

Kwa Mswahili wa kawaida, Mwingereza aliyetawala Nairobi, Unguja, Kampala au Dar es Salaam alikuwa mkoloni, na utawala wake ulikuwa ukoloni. Hakuna wa kumlaumu kwa kusema hivyo: kodi ilikuwa kodi, na bwana shauri alikuwa bwana shauri.

Hata hivyo, katika Kiingereza cha sheria, maneno "colony", "protectorate" na "trust territory" hayakuwa na maana moja, ingawa wenye lugha yao wenyewe huyachanganya hadi leo. Mwaka 1950, kati ya nchi hizo nne, iliyokuwa koloni kwa maana hasa ya neno hilo ni moja tu, nayo ni Kenya. Tena si Kenya yote.

Koloni ilihesabiwa kuwa sehemu ya milki ya Mfalme wa Uingereza. "Protectorate", yaani himaya au nchi ya kulindwa, kisheria ilibaki nchi ya kigeni ambayo mtawala wake amewekwa chini ya ulinzi wa Uingereza, kama ilivyokuwa kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1890. Kwa vitendo, mlinzi ndiye aliyeamuru.

Wamasai mahakamani

Walioonja mapema uchungu wa tofauti hiyo ni Wamasai. Mwaka 1904 walitia saini mkataba na serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki, wakaondoka katika sehemu za Bonde la Ufa zilizotakiwa na walowezi. Waliahidiwa kwamba maeneo waliyotengewa, Laikipia ikiwemo, yangekuwa yao maadamu Wamasai wapo duniani. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba mwingine, huu wa kuwaondoa Laikipia. Mwaka 1913 wakaenda mahakamani, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ol le Njogo.

Majaji hawakuamua kama Wamasai wamedhulumiwa au la. Walisema kwamba, kwa kuwa nchi hiyo ni himaya na si koloni, Wamasai ni wageni mbele ya Mfalme, na mkataba wao ni sawa na mapatano baina ya dola na dola, ambayo mahakama haina uwezo wa kuyahoji. Watu walioshindwa hata kuzuia ng'ombe wao wasihamishwe wakaambiwa kwamba wao ni dola.

Mtu angedhani basi kwamba kuwa koloni kulikuwa na nafuu. Mwaka 1920 himaya hiyo iligeuzwa kuwa Koloni ya Kenya. Muda mfupi baadaye Jaji Mkuu Barth, akiamua kesi ya shamba baina ya Wakikuyu, alitamka kwamba ardhi ya wenyeji sasa ni mali ya Mfalme, na wao ni wapangaji tu wanaokaa kwa ridhaa yake.

Ukanda wa pwani wa maili 10, uliokodishwa kutoka kwa Sultani wa Zanzibar tangu 1895, ulibaki "protectorate". Ndiyo maana, baada ya sheria ya uraia ya mwaka 1948, mtoto aliyezaliwa Nairobi alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni, ilhali wa Mombasa, kwa kawaida, alikuwa "mtu anayelindwa na Uingereza" tu. Hadi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walilazimika kuafikiana ili ukanda huo uingie katika Kenya huru.

Mlango wa New York

Tanganyika, iliyonyang'anywa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na hadhi nyingine kabisa. Kuanzia 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mdhamini si mwenye mali: hutakiwa kutoa hesabu. Uingereza iliwajibika kupeleka ripoti na kupokea wajumbe wa ukaguzi, na wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko.

Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kueleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini Uingereza ilibidi ijieleze hadharani. Mkikuyu mwenye dai la namna hiyo hiyo hakuwa na mlango huo. Barua yake iliishia London, kwa wale wale aliowalalamikia.

Mwezi Machi 1955, Julius Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya chama cha TANU. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ya kwanza kati ya nchi hizo nne. Ilifuata Uganda mwaka 1962, kisha Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963. Kenya, koloni pekee kati yao, ilikuja mwisho, siku mbili baadaye.