Jina la Mtunzi Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Tangu zama za misafara ya pembe na watumwa, ambazo wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walizikuta zingalipo walipofika Uvira, iliyo leo nchini Kongo, mwaka 1858, ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika imekuwa bandari ya kupokea: bidhaa hushushwa, lugha huhamia, na nyimbo huvuka maji pamoja na mizigo bila mtu kuuliza ni mali ya nani.

Santuri zilipoanza kuenea, hasa baada ya Mgiriki Nicolas Jéronimidis kuanzisha kampuni ya Ngoma huko Léopoldville mwaka 1948, kila sahani ilibeba katikati yake karatasi ya mviringo iliyopigwa chapa jina la wimbo na la mwimbaji. Ijara aghalabu ilikuwa haba, tena ya mara moja tu, walakini jina lilimfikia msikilizaji. Kaseti ndizo zilizolikata: muuzaji alinakili moja ikazaa nyingine, akaandika juu yake kwa kalamu neno moja au mawili kama alivyopenda. Kisha zikaja kadi za kumbukumbu za simu, na katika vibanda vya kuchajia simu kijana mwenye kompyuta akawa anamtilia mteja nyimbo mia kwa malipo kidogo, nyingi zikiwa hazina jina ila namba. Simlaumu mteja huyo, madhali kununua mega za intaneti za kusikilizia wimbo mmoja mmoja kunaupita uwezo wake.

Sheria ilikuwapo. SONECA, shirika la Kongo la kusimamia haki za watunzi, liliundwa mwaka 1969, na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 ikamhifadhia mtunzi haki yake maisha yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Mwaka 2011 ikaundwa SOCODA kwa kazi hiyo hiyo. Lakini makao yake ni Kinshasa, ile Léopoldville ya zamani, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Uvira, ilhali Bujumbura ya Burundi, nyimbo zinakovukia, iko pale pale ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira.

Intaneti ingeweza kulirudisha jina. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mtambo wa kutambua sauti, ila mtambo huo humjua aliyetangulia kuandikisha, hata akiwa hakutunga hata beti moja, na hiyo kwangu ni dhuluma kubwa kuliko ya muuzaji wa kaseti, kwa kuwa huyu hakudai kamwe kwamba wimbo ni wake.

Basi enyi vijana wa Uvira, Kalundu na Baraka, wimbo usitoke studio kabla ya kuandika jina la mtunzi, la mpiga gitaa na tarehe, ndani ya faili na juu ya karatasi iliyotiwa sahihi na wote. Nawe msikilizaji, ukitiliwa nyimbo kwenye kadi, uliza ni za nani.